Majimoto ya Arkansas: Mji ambako mwosha hakuoshwa

Ukimwuliza Mtanzania njia ya kwenda Majimoto, naye atakuuliza: Majimoto ipi? Iko ya Katavi, iko ya Mara, na ukivuka mpaka wa Kenya iko nyingine Narok. Wazee wetu hawakuona haja ya kuumiza kichwa. Palipochemka maji pakaitwa Majimoto, basi.

Wamarekani nao wana ya kwao, na wao pia hawakuumiza kichwa: mji unaitwa Hot Springs. Uko katika jimbo la Arkansas, umebanwa na milima ya Ouachita, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Little Rock, makao makuu ya jimbo. Wenyeji hulitamka jina la milima hiyo "Woshita", na masikioni mwangu lilisikika kama mtu aliyetaka kusema "osha" ulimi ukateleza. Sikujua bado kwamba kuosha ndiyo habari yenyewe ya mji huu: nani aliosha, nani alioshwa, na nani alizuiwa kuoshwa.

Nilifika asubuhi ya baridi, na kwa mgeni huo ndio wakati mzuri, kwa sababu mji unajieleza wenyewe. Kwenye bustani iliyo jirani na hoteli kongwe ya Arlington, maji yanateremka mlimani juu ya mawe yaliyoota mwani wa kijani, na mvuke unapanda juu yake kama wa sufuria iliyofunuliwa. Watoto wanachovya kidole, wanakirudisha haraka, wanacheka, wanachovya tena. Hakuna geti wala mtu wa kukata tiketi. Mlima unamwaga maji ya moto katikati ya mji, na watu wanapita na vikombe vyao vya kahawa kana kwamba ni jambo la kawaida duniani.

Mvua ya kale

Kwetu, maji ya moto hutukumbusha Bonde la Ufa na volkano. Hot Springs haina volkano. Wanasayansi waliopima umri wa maji haya wanasema mengi ni mvua iliyonyesha miaka kama 4,400 iliyopita, wakati piramidi za Giza zilikuwa bado majengo mapya. Mvua ile ilinyesha kwenye vilima vya jirani, ikapenya polepole katika nyufa za miamba hadi kina cha mita 1,800 na zaidi. Kadiri unavyoshuka ardhini ndivyo mwamba unavyozidi kuwa wa moto, na maji nayo yakapashwa taratibu, karne baada ya karne. Huko chini yakakutana na ufa mkubwa, na hapo safari ikageuka: kushuka kulichukua maelfu ya miaka, kupanda hakukuchukua muda mrefu. Hayakupata nafasi ya kupoa. Yanatoka kwenye ubavu wa mlima yakiwa na wastani wa nyuzi joto 62 za Selsiasi, zaidi ya lita milioni 2.5 kwa siku, kwenye chemchemi 47. Wala hayanuki kiberiti kama maji moto mengi tunayoyajua. Ukiyaonja, ni maji tu.

Chemchemi nyingi huzioni. Zimefunikwa zisichafuliwe, na maji yake yanakusanywa kwa mabomba. Hata kijito kilichopita katikati ya bonde kilijengewa dari la mawe katika miaka ya 1880, na barabara kuu, Central Avenue, ikapita juu yake. Ukitembea mjini unatembea juu ya mto.

Kabla ya mabomba na mabafu, bonde hili lilikuwa la wenyeji wa asili, wakiwamo Waquapaw na Wacaddo. Walifuata maji, na walifuata pia jiwe. Milima hii ina jiwe gumu lenye chembe laini liitwalo novakulaiti, ambalo walilichonga kuwa vichwa vya mikuki na visu. Hadi leo madukani mjini wanauza vipande vyake kama vinoo, na mafundi wa visu wa nchi nyingi wanalijua kwa jina la jiwe la Arkansas. Mwaka 1803 Marekani ililinunua eneo kubwa la Louisiana kutoka kwa Wafaransa, na mwaka uliofuata Rais Thomas Jefferson akawatuma William Dunbar na George Hunter kuyapima maji haya. Mwaka 1818 Waquapaw wakasaini mkataba uliowaondolea ardhi hiyo.

Kisha likatokea jambo ambalo wenyeji wa Hot Springs hawachoki kulisimulia. Mwaka 1832, miaka 40 kabla ya kuanzishwa kwa Yellowstone, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzitenga chemchemi hizi pamoja na ardhi inayozizunguka, zisiuzwe wala kumilikiwa na mtu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa serikali ya nchi ile kutenga eneo kwa ajili ya kulinda mali ya asili. Mwaka 1921 likawa hifadhi ya taifa rasmi. Ndiyo maana leo utaona ajabu hii: askari wa hifadhi mwenye kofia pana anasimama mlangoni pa bafu, na hatua chache mbele yake kuna duka la nguo na foleni ya magari.

Iweke akilini sheria hiyo ya 1832. Ilisema maji haya ni ya umma. Tutaihitaji baadaye.

Shuka, dodoki na sanduku la mvuke

Majumba ya kuogea yaliyobaki kwenye mstari, Bathhouse Row kama wanavyouita, ni manane, yote yamejengwa kati ya 1892 na 1923. Yaliyotangulia yalikuwa ya mbao, nayo yaliungua au kuoza. Haya ya sasa yalijengwa na matajiri walioshindana kwa nakshi. La Quapaw lina kuba la vigae vya rangi. La Fordyce, lililofunguliwa mwaka 1915, ndilo lililopita mengine kwa fahari, na leo ni makumbusho ya hifadhi, kuingia bure.

Fordyce peke yake inastahili nusu siku. Juu kuna ukumbi wa mazoezi wenye pete za kuning'inia na farasi wa mbao, kama jimu ya leo, ila hii ina zaidi ya miaka mia. Kuna vyumba vyenye mashine za kupitisha umeme mwilini, tiba ambayo leo ukiitazama unamshukuru Mungu kwa kuchelewa kuzaliwa. Ukumbi wa kuogea wa wanaume una dari la vioo vya rangi lenye nguva na samaki. Chini yake kuna sanamu: binti wa wenyeji wa asili anampa maji Hernando de Soto, Mhispania aliyepita pande hizi miaka ya 1540. Hakuna uthibitisho kwamba de Soto alifika kwenye chemchemi hizi. Lakini tazama mkao wa sanamu, nani anatoa na nani anapokea. Mchongaji alieleza habari ya mji kuliko alivyokusudia.

Kuona bafu ni jambo moja, kuoga ni jingine. Bafu la Buckstaff lilifunguliwa mwaka 1912, na huduma yake ni ileile ya kale. Wanaume wana ghorofa yao, wanawake yao. Unavua, unafungwa shuka jeupe kifuani au begani kama msuli uliopotea njia, unapokewa na mwosha wako. Anakuingiza kwenye bafu la kauri lenye kina, maji yakiwa yamepoozwa hadi kiwango cha mwili kuvumilia. Unakaa dakika 20 hivi, yeye anakuletea kikombe kidogo cha maji yaleyale ya moto, unywe huku umo ndani yake.

Halafu analeta dodoki.

Hapo ndipo nilipojisikia nyumbani. Dodoki lilelile linalotambaa kwenye ua wa bibi, likakauka, likakatwa vipande vya kusugulia migongo na masufuria. Mwosha anaanza na mgongo, anashuka mikononi, anamalizia miguuni, kwa mkono wa mtu aliyefanya kazi hii mara elfu na hana haja ya kukuuliza kitu. Kwa mtu mzima, kusuguliwa na mtu mwingine kunarudisha jambo fulani la utotoni, lile la kusimamishwa kwenye karai na kuambiwa utulie. Unatulia.

Kutoka hapo unahamishwa: karai la kukalia lenye maji ya moto kwa ajili ya kiuno, sanduku la mvuke linalokufunika hadi shingoni kichwa kikibaki nje kama cha kobe, kitanda cha kulalia huku taulo za moto zikiwekwa panapouma, na mwisho bomba la mvua linalokuchoma kwa vishindo vidogo vya sindano kutoka pande zote. Ukitoka, magoti yanakuwa si yako.

Mikono iliyosugua

Ni kwenye kile kitanda cha taulo ndipo methali ilinijia yenyewe. Mwosha huoshwa. Kwetu husemwa msibani: anayewaosha maiti leo, kesho ataoshwa na wenzake. Ni sheria ya zamu. Kwenye mstari huu wa mabafu sheria hiyo haikufuatwa kwa muda mrefu sana.

Tangu mwishoni mwa karne ya 19, waosha wa mabafu haya karibu wote walikuwa Wamarekani weusi, wanaume kwa wanawake. Wengine walikuwa watoto wa watu waliozaliwa utumwani. Mgonjwa kwa kawaida aliandikiwa mabafu 21, wiki tatu mfululizo, na kwa wiki hizo mwosha wake ndiye aliyejua hali yake kuliko hata daktari: jeraha limekauka kiasi gani, goti linapinda hadi wapi.

Na wagonjwa wenyewe hawakuwa wa mafua. Walikuja wenye baridi yabisi, na walikuja kwa wingi wenye kaswende, kabla penisilini haijapatikana. Tiba ya kaswende zama zile ilikuwa kupakwa zebaki kwenye ngozi, kisha kuoga maji ya moto. Msomaji wa machimbo ya dhahabu ya Geita au Chunya hahitaji kuelezwa zebaki humfanya nini anayeishika kila siku. Hot Springs ilikuwa na watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, kusugua zebaki kwenye miili ya wengine kwa malipo.

Pesa ilizunguka mji mzima. Treni zilipoanza kufika, wapiga debe walizipanda kabla hazijaingia stesheni, wakimnyemelea mgonjwa na kumshawishi aende kwa daktari fulani, daktari naye akawagawia fungu. Udanganyifu ulizidi hadi serikali ikalazimika kuwasajili madaktari walioruhusiwa kuandika mabafu. Hata masikini walikuwa na sehemu yao: kuanzia 1878 serikali iliendesha bafu la bure juu ya shimo la matope ambalo wagonjwa hohehahe walikuwa wakijitumbukiza. Nalo lilitenganishwa, weupe huku, weusi kule.

Lakini majumba ya fahari ya mstarini hayakuwa na "kule". Mtu mweusi aliingia kwa mlango wa kazi, akamsugua mteja kutwa nzima, akatoka. Kuja kama mteja, kulipa pesa yake, kujilaza kwenye bafu lilelile alilolipiga deki asubuhi, haikuwezekana. Na majumba hayo yalisimama kwenye ardhi ya serikali, ardhi ile ya 1832 iliyotengwa asije mtu mmoja akajimilikisha maji.

Barabara ya Malvern

Ukitaka kujua walioga wapi, toka kwenye mstari, shuka kusini mashariki hadi Malvern Avenue. Watalii wengi hawafiki huku, nao wanakosa nusu ya habari.

Huku ndiko watu weusi walikojijengea mji ndani ya mji. Mwaka 1904 lilifunguliwa bafu la Crystal, mahususi kwa ajili yao. Moto mkubwa wa Septemba 1913, ulioteketeza mitaa mingi ya kusini mwa mji, ukaliondoa. Mwaka uliofuata chama cha kusaidiana cha Knights of Pythias kikajenga hapohapo bafu na hoteli, kwa ramani ya Walter T. Bailey, msanifu majengo mweusi. Katika miaka ya 1920 chama kingine, Woodmen of Union, kikiongozwa na John Lee Webb, kikainua jengo kubwa zaidi: hoteli, bafu, hospitali, ukumbi wa maonyesho na ofisi, vyote chini ya paa moja. Baadaye jumuiya ya makanisa ya Wabaptisti weusi ikalinunua, na jina lake likawa National Baptist. Wanamuziki wakubwa, Count Basie miongoni mwao, walipiga muziki huko.

Kilichonigusa hapa ni bomba kuliko ukubwa wa majengo. Maji ya mabafu ya Malvern yalitoka kwenye chemchemi zilezile za hifadhi. Mwosha alipomaliza zamu mlimani aliteremka hadi Malvern, na maji nayo yakamfuata kwa chini ya ardhi. Vyama hivi vya kusaidiana, ambavyo kwa wanachama vilianza kwa michango ya mazishi na ugonjwa kama vile tunavyovijua sisi, viligeuza senti za mabawabu, wapishi na waosha kuwa mahali ambapo mwosha aliweza hatimaye kuoshwa. Hawakungoja mstari uwafungulie. Mstari wenyewe ulifunguka baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964.

Kejeli ya historia haikuchelewa. Kufikia hapo penisilini na vidonge vilikuwa vimeshawanyang'anya madaktari wa maji wateja wao. Fordyce ilikwisha kufunga milango mwaka 1962. Mlango uliokuwa umefungwa kwa miaka yote ulifunguliwa nyumba ikiwa inahamwa.

Miguu nayo ni dawa

Madaktari wa zamani hawakuamini maji peke yake. Mgonjwa aliandikiwa na kutembea: leo njia ya tambarare, wiki ijayo mteremko mdogo, akipata nguvu apande mlima. Njia zao bado zipo.

Anza na Grand Promenade, njia ya matofali yenye urefu wa karibu mita 800 inayopita nyuma ya majumba ya kuogea. Ukiwa juu yake unayaona mabafu kwa mgongo, upande wa mabomba na milango ya wafanyakazi, upande ambao wapiga picha hawaupigi. Kutoka hapo kuna kinjia cha kwenda kileleni. Ni chini ya kilomita moja, lakini kinapanda bila huruma, na hakika utakutana na mtu ameketi kwenye jiwe akijifanya anatazama ndege. Juu kuna mnara wenye urefu wa mita 66. Ukiwa huko unaelewa jinsi mji ulivyo mwembamba, uzi wa nyumba uliopenyezwa kati ya vilima vya misonobari na mialoni. Mwenye miguu ya siku nzima achukue Sunset Trail, ndefu kuliko zote za hifadhi.

Iko njia nyingine ya mjini, ya mabango yanayosimulia besiboli. Kuanzia 1886 timu kubwa zilikuja Hot Springs kila mwanzo wa mwaka kutoa jasho la pombe na kuupasha mwili kabla ya ligi. Mwaka 1918 mchezaji Babe Ruth alipiga mpira hapa ukaruka uwanja, ukavuka barabara, ukatua kwenye shamba la mamba. Shamba hilo lipo mpaka leo, na mamba nao wapo. Timu za ligi za watu weusi nazo zilifanya mazoezi hapa, kisha wachezaji wake wakaenda kuoga Malvern.

Mji una wageni wengine wa kukumbukwa. Jambazi Al Capone alikuwa mteja wa hoteli ya Arlington, enzi kamari ilipochezwa waziwazi huku sheria ikitazama pembeni. Na kijana mmoja aliyekulia hapa, akamaliza sekondari ya mji mwaka 1964, tulikuja kumwona wenyewe Arusha mwezi Agosti 2000, kwenye utiaji saini wa mkataba wa amani ya Burundi. Jina lake Bill Clinton.

Ukitaka kwenda

Shuka uwanja wa ndege wa Little Rock, kodi gari. Hifadhi haina kiingilio. Fordyce ni bure. Kuogeshwa kwa mtindo wa kale nenda Buckstaff. Ukipenda madimbwi ya kukaa pamoja, ya kisasa, nenda Quapaw. Katika jumba la Superior sasa hutengenezwa bia kwa maji ya chemchemi, na la Hale limekuwa hoteli. Tenga asubuhi moja kwa Malvern Avenue, na uende kwa miguu.

Usiondoke bila maji. Hifadhi imeweka mabomba ya umma ambako yeyote anaruhusiwa kuchota kiasi anachotaka, bila malipo. Nilipofika nilikuta foleni ya madumu, ndiyo, madumu, kama bombani kwetu Jumamosi asubuhi, tofauti ni kwamba haya yalikuwa yanashushwa kwenye buti za magari. Mimi nilikuwa na chupa nyembamba ya dukani. Maji yalipoingia ilijikunja mkononi mwangu kama nailoni iliyokaribia moto, na nusu yakanimwagikia kiatuni. Mzee aliyekuwa nyuma yangu hakusema neno. Alinipa dumu lake gumu, akalishika kwa kitambaa ili nisiungue, nikakinga yangu.

Zamu yake ilipofika nilichukua kile kitambaa, nikamshikia.